Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kaunti za Pwani Juu ya Mshubiri wa Nyika

Kwa Waheshimiwa Magavana wa kaunti 6 za pwani ya Kenya, Wawakilishi Wadi, na maofisa wote waliokabidhiwa amana ya maji, bustani na misitu.

Naleta mbele yenu haja ya mmea usio na wakili. Wengi wetu tuliozaliwa katika mwambao huu tuliujua mshubiri kwa ulimi kabla ya kuujua kwa macho, kwa kuwa mama zetu, walipoona kwamba muda wa kunyonya umetimia na mtoto hataki kuachana na ziwa, walipaka shubiri penye chuchu na kumwachia mtoto mwenyewe afanye hukumu yake. Na tangu siku hiyo mmea huu umebaki katika fikira zetu kuwa kitu cha uchungu na cha dawa, kitu cha kutiwa katika maji ya kuku kideri kinapoingia bandani, kitu cha kupakwa penye ngozi iliyoungua, wala si kitu cha kutazamwa. Nimeishi na mishubiri katika kiwanja changu kidogo cha Kisauni kwa miaka mingi, na ninathubutu kusema kwamba katika mimea yote ya asili ya nchi yetu itoayo maua hakuna uliodhulumiwa na dhana za watu kama huu. Ninaloliomba kwenu, na ambalo barua hii yote ni sharhe yake, ni hili: mshubiri wa asili upewe idhini, mahali na heshima katika bustani za nyumba zetu na katika kingo za barabara zenu, na miche yake ioteshwe kwa mbegu katika vitalu vya kaunti, ili apendaye ua lake alipate kwa halali na kwa bei ya mnyonge, asilazimike kulinyang'anya nyika.

Naanza na maji, maana ndiyo yanayonipa ujasiri wa kuwaandikia. Mombasa, mji mkubwa kuliko yote katika pwani yetu, haukujaliwa mto wa maji matamu wa kuutegemea; sehemu ya maji yake hutoka chemchemi za Mzima, ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi, na bomba lililojengwa katika miaka ya 1950 huyachukua safari ya zaidi ya kilomita 200 kabla hayajafika kisiwani, na sehemu nyingine hutoka Baricho penye mto Sabaki, na Marere katika vilima vya Shimba, na visima vya Tiwi. Kila mkazi anajua kwamba maji hayo hayatoshi. Mifereji hukauka siku nyingi, mikokoteni ya madumu huzunguka mitaani tangu alfajiri, na mama mwenye watoto hupima maji ya kupikia, ya kufulia na ya kutawadhia kabla hajaruhusu hata kikombe kimoja kimwagwe ardhini. Ilhali katika mji huo huo, kaskazi inapovuma na jua limesimama utosini, ukoka uliopandwa mbele ya majumba na katikati ya mizunguko ya barabara hunyweshwa kwa mpira mchana kweupe, na nusu ya maji hayo huondoka na upepo kabla ya kuifikia mizizi.

Na hapa pana jambo ambalo sikuacha kulistaajabia kila nilipopita njia ya Voi. Bomba hilo la Mzima hupita katika nyika ya Taru, nchi ambayo misafara ya zamani iliiogopa kwa kiu yake kuliko ilivyowaogopa simba wake, na katika nchi hiyo hiyo, pande za Maungu na zaidi, mishubiri imesimama katika udongo mwekundu, haina mpira wala mtunza bustani, nayo inatoa maua wakati ambapo vichaka vyote vinavyoizunguka vimebaki vijiti vitupu. Maji ya ukoka yanapita kando ya ua lisiloyahitaji, yakienda kulisha jani lisiloweza kuishi bila hayo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwishoni mwa mwaka 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo katika sehemu kubwa ya nchi kavu za Kenya, na kaunti za Kilifi, Kwale, Tana River na Taita Taveta hazikusalimika. Mifugo ikafa, visima vikashuka, watu wakahemewa. Mshubiri wa nyika katika hali kama hiyo hujikunja, ukabadilika rangi, ukangoja.

Namna unavyongoja yafaa ielezwe, kwa sababu mtu asiyeielewa huuua mmea huu kwa ihsani. Jani la mshubiri ni ghala: nje lina ngozi ngumu iliyopakwa nta, chini ya ngozi hiyo mna vijia vya utomvu wa manjano ulio ndio shubiri yenyewe, na ndani kabisa mna ute usio na rangi ambamo maji ya masika huhifadhiwa hata miezi mingi baada ya masika kusahauliwa. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa ya kujilishia, na kwa kufungua hivyo hupoteza maji juani. Mshubiri hufunga vitundu vyake mchana kutwa na kuvifungua usiku, jua likiisha kuchwa na hewa ikiisha kupoa, kisha hewa uliyoivuta huiweka akiba mpaka asubuhi, mwanga utakapokuja kuikamilishia kazi. Jua likizidi na maji yakipungua, majani huacha rangi ya kijani yakawa ya shaba, na mara nyingine mekundu kabisa, na mvua moja tu ya kutosha huyarudisha kijani katika muda wa majuma machache. Mwenye bustani mgeni huiona rangi hiyo akadhani ni mauti, akakimbilia ndoo, akamwagilia leo na kesho na kesho kutwa. Naye ndiye muuaji, kwa kuwa mizizi ya mshubiri iliyolowa mfululizo huoza, na kuoza huko hupanda mpaka moyoni mwa mmea, hata siku moja jani la katikati ukilivuta kwa vidole viwili hutoka lote, laini na lenye harufu mbaya.

Sasa ua. Natamani kila mmoja wenu apate asubuhi moja ya kulitazama kwa karibu, mapema, kabla ya joto. Katikati ya majani hupanda bua gumu lenye rangi ya kunde, na bua hilo hugawanyika matawi, na kila tawi huchukua machipukizi ya maua yaliyopangwa kwa safu. Chipukizi likiwa changa huelekea juu. Likikaribia kufunguka huinama, likaning'inia. Na likiisha kushika mimba tunda lake huinuka tena likasimama wima, hata mtu akitazama bua moja huona umri wote wa ua kwa mara moja, matunda mabichi chini, maua yaliyofunguka katikati, na machipukizi ya kesho kileleni. Kila ua ni kijibomba chembamba chenye rangi ya chungwa iliyoiva au nyekundu ya matumbawe, na ncha yake ya kijani au manjano. Ndani yake mna tone la maji matamu. Ndege mdogo aitwaye chozi analijua tone hilo kuliko sisi. Dume lake, mwenye kijani king'aacho mgongoni na utepe wa zambarau kifuani, hutua juu ya bua, akajipinda mpaka kichwa kikawa chini ya miguu, akaingiza mdomo wake mrefu uliopindika ndani ya ua, na anapoutoa paji lake limepakwa chavua ya manjano ambayo huipeleka katika mshubiri mwingine bila kujua kwamba ameajiriwa. Nyuki huja baada yake, nao hawaondoki mpaka adhuhuri. Katika miezi ambayo bustani za jirani hazina ua hata moja, nimewahesabu chozi wengi zaidi juu ya mabua machache ya mishubiri kuliko juu ya mti wowote wa mtaa.

Mmea huu si mgeni wa jana katika tarehe ya bahari yetu. Periplus, kitabu cha mfanyabiashara wa Kiyunani cha karne ya kwanza, ambacho ndicho kitajacho Azania, yaani pwani yetu, na bandari yake ya Rhapta, kinaitaja shubiri pamoja na ubani miongoni mwa bidhaa zilizotoka bandari ya Kane, katika pwani ya kusini ya Arabuni. Na karne nyingi baadaye shubiri ya kisiwa cha Sokotra, iliyokaushwa na kufungwa katika ngozi, ilipitia Unguja kwa majahazi, ikajulikana kwa wauza dawa wa Ulaya kwa jina la Unguja. Lakini katika biashara hiyo yote sisi tulikuwa wachukuzi tu, wala hatukuuliza kama nchi yetu wenyewe ina chochote cha namna hiyo. Hata leo mshubiri unaopandwa katika vyungu na makopo barazani, wenye maua ya manjano, ambao ute wake hujaza chupa za vipodozi madukani, ni Aloe vera, mzaliwa wa Arabuni, uotao wenyewe katika milima ya Oman. Simkatai mgeni huyo, maana ametufaa sana; nasikitika tu kwamba kwa ajili yake wengi wetu hatuwajui wenyeji. Wako wenyeji wanaobeba majina ya vijiji vyetu katika vitabu vya elimu ya mimea: Aloe rabaiensis, uliopewa jina la Rabai mwaka 1895, ambao hupanda mashina yanayofikia urefu wa mtu na kufanya kichaka chenye maua ya rangi ya chungwa, na Aloe kilifiensis, uliopewa jina la Kilifi mwaka 1942, unaokaa chini ardhini na kutandaza majani mapana yenye madoadoa. Bara kidogo yuko Aloe lateritia, ambaye vichwa vya maua yake vimesawazishwa juu kama sinia, naye ameenea katika nyanda na vilima vya Kenya na Tanzania. Je, ni watoto wangapi wa Rabai au wa Kilifi wanaojua kwamba ulimwengu mzima wa wataalamu hulitaja jina la kwao kila wautajapo mmea huo?

Hapa nafika penye uzito. Mshubiri wa mwituni umekuwa ukiibiwa, na umeibiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya utomvu: katika Baringo, Laikipia, Samburu na kwingineko watu walikata majani, wakayapanga kuzunguka kishimo, upande uliokatwa ukielekea ndani, wakakusanya utomvu uliotiririka, wakauchemsha mpaka ukawa mgumu na mweusi, wakauuza kwa walanguzi waliousafirisha nje, na mishubiri ikapungua kwa kadiri ambayo mwaka 1986 Rais Moi alitoa amri ya kukataza kuvunwa kwa mshubiri wa mwituni, na kuruhusu ule uliopandwa tu. Mataifa nayo yamekubaliana kuisimamia biashara ya mishubiri ya namna zote inayovuka mipaka, isipokuwa Aloe vera. Njia ya pili ya wizi ni ya kimyakimya, wala haihitaji walanguzi wa ng'ambo: ni ya mtu anayekwenda nyikani na gunia, aking'oa mishubiri yenye umri wa miaka mingi, akaileta mjini na kuipanga kando ya barabara kuwauzia wenye nyumba mpya. Mnunuzi mwenye macho huitambua. Mizizi yake imekatwa kwa panga, majani ya chini yana makovu ya mbuzi na ya moto wa nyika, na katika udongo ulioshikana na shina mna vijiwe vyekundu ambavyo havipatikani katika kitalu chochote cha mjini. Simlaumu sana mwuzaji, maana anatafuta rizki, na mnunuzi naye hana mahali pengine pa kuupata mmea anaoutamani. Amri bila kitalu ni mlango uliofungwa pasipo mwingine uliofunguliwa, nanyi ndio wenye uwezo wa kuufungua huo mwingine.

Kuotesha mshubiri kwa mbegu si kazi ya maabara. Tunda lake ni kavu, lenye vyumba 3, na linapoanza kugeuka rangi ya kahawia sharti livunwe kabla halijapasuka, kwa sababu mbegu zake ni bapa na nyepesi, zina ukingo mwembamba wa ngozi kama bawa, na upepo wa kusi ukizikuta wazi huzichukua. Matunda huwekwa katika mfuko wa karatasi mpaka yapasuke yenyewe. Kitalu hutengenezwa kwa mchanga wa mto, si wa ufukweni wenye chumvi, uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri. Mbegu husambazwa juu yake, zikafunikwa kwa mchanga haba kiasi cha kuzificha tu, zikanyunyiziwa maji kwa upole na kuwekwa chini ya kivuli chepesi cha makuti. Baada ya majuma 2 hata 4 hutokea kitu chembamba cha kijani ambacho mfanyakazi asiyejua atakipalilia akidhani ni nyasi, na kwa ajili hiyo nasihi yangu kwa msimamizi wa kitalu ni kwamba asimpe mgeni kazi ya kupalilia katika mwezi huo. Miche ikiisha kupata majani manne au matano hutengwa kila mmoja katika mfuko wake, ikazoeshwa jua polepole, na katika mwaka wa tatu au wa nne, ikiwa mkono wa maji haukuwa mzito, hutoa bua la kwanza.

Kuna jambo moja katika kazi hii ambalo mtu akilipuuza hutaabika bure. Mishubiri mingi haishiki mimba kwa chavua yake yenyewe. Huhitaji chavua ya mmea mwingine wa namna yake usiokuwa pacha wake. Mwenye bustani akichukua maotea yanayochipuka pembeni mwa mshubiri mmoja, akayapanda mstari mzima, atapata mstari wa kupendeza, nao utatoa maua, na chozi watakuja. Lakini huenda asipate hata mbegu moja, kwa kuwa mimea yote hiyo ni mmoja. Kwa hiyo kitalu cha kaunti hakina budi kuanza na wazazi wengi wa asili mbalimbali, waliochukuliwa kwa idhini na kwa uangalifu, na kuziweka mbali namna zilizo tofauti, maana zikikaribiana huchanganya damu kwa wepesi, na baada ya vizazi vichache mtu anayedhani anauza mshubiri wa Rabai anauza chotara asiye na kwao. Maotea yenyewe si ya kudharauliwa kwa matumizi ya nyumbani: hukatwa kwa kisu safi, yakaachwa kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke na kufanya ngozi, ndipo yakapandwa; atakayeyapanda siku ile ile yalipokatwa atayaozesha.

Ardhi yetu ya mawe ya matumbawe, ambayo wenye ukoka huilalamikia kwa sababu maji hayakai, ndiyo neema ya mshubiri. Penye udongo mzito hupandwa juu ya tuta lililochanganywa na kokoto. Jua la nusu ya siku au zaidi huutosha, na baada ya kushika mizizi haudai maji isipokuwa katika ukame mrefu sana, ambapo ndoo moja kwa muda mrefu yatosha, nayo imwagwe kuzunguka shina, si katikati ya majani.

Insafu yanidai nitaje na madhara. Wako wadudu wadogo mno, wasioonekana kwa jicho tupu, ambao huufanya mshubiri uvimbe vivimbe vya ajabu penye shina la ua na penye kitako cha majani. Sehemu hiyo hukatwa na kuchomwa moto, wala isitupwe jaani, na kisu husafishwa kabla ya kuugusa mmea mwingine. Vigamba vyeupe vikitanda juu ya jani hupanguswa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Zaidi ya hayo yote, si kila mshubiri ni dawa. Katika nchi ya Taita, pande hizo hizo za Maungu, unaota Aloe ballyi, wenye shina refu la kusimama kama mti na harufu ya panya jani likikatwa, nao una sumu ya kuua. Na hata utomvu wa manjano wa ile isiyo na sumu ya namna hiyo huharisha kwa nguvu, wala si wa kunywewa na mja mzito. Kwa hiyo miche ya kaunti iuzwe kwa ajili ya ua lake, na kila mfuko uwe na kipande cha karatasi chenye jina la mmea na onyo kwamba usinywe. Meno yaliyo ukingoni mwa majani nayo yaweza kumchana mtoto. Upandwe hatua chache kutoka kijia cha kupita.

Najua pingamizi litakalotoka kwa mama zetu, nalo nalithamini kuliko la wahandisi. Watasema: ua la mshubiri halina harufu. Bustani ya Mswahili tangu zama ni ya kunusa. Ni asumini wa kutungwa jioni, ni mrehani na mkadi na mlangilangi wa kufungia kikuba, na ua lisilonukia lina haki gani ya kukaa uani? Jawabu langu ni kwamba simwondoi asumini mahali pake. Aendelee kukaa karibu na mlango wa jikoni, palipo na maji yaliyotumika kuoshea mchele, nami wa kwanza nitaendelea kumwagilia wangu. Ninayemwomba aondoke ni ukoka, usionukia, usiotungwa, usioliwa na chozi wala nyuki, na unaokunywa kuliko asumini kumi. Nyuma ya nyumba na ndani ya ua ni milki ya wenye kikuba. Mbele ya nyumba, kando ya ukuta wa matumbawe uliopigwa na jua tangu asubuhi mpaka alasiri, hapo asumini mwenyewe hujuta, na hapo ndipo pa mshubiri.

Basi, Waheshimiwa, katika uwezo mlionao kuna mambo ambayo hayahitaji mkopo wala kamati ya miaka. Kila kaunti inayo mahali pa kuoteshea miche, na miche mingi inayooteshwa humo ni ya miti ya kuni na ya matunda, nayo ni kheri. Itengwe pembe moja kwa mishubiri ya asili ya kaunti ile ile, ya Kilifi kwa Kilifi, ya Taita kwa Taita, na mbegu zikusanywe kwa idhini ya wenye kulinda misitu. Zabuni za kupamba barabara zisitaje ukoka kana kwamba ni faradhi. Zitaje mimea ya asili isiyohitaji kumwagiliwa baada ya mwaka wa kwanza, na anayepewa kazi aonyeshe risiti ya kitalu ilikotoka miche, ili barabara zetu zisipambwe kwa mali iliyoibwa nyikani. Wanaotumwa kufyeka kingo za njia waonyeshwe mshubiri kwa macho kabla ya kupewa mapanga, kwa sababu panga halibagui, na mmea uliongoja miaka 4 kutoa ua huondoka kwa pigo moja. Na walimu wa shule za msingi, ambao wengi wao wana kiwanja cha mchanga mtupu na tangi moja la maji ya kunywa kwa wanafunzi mamia, wapewe miche hiyo bure. Ni bustani pekee ambayo shule ya Ganze au ya Kinango yaweza kuwa nayo bila kumnyima mtoto maji.

Katika hayo yote, kitalu ndicho ninachokiombea kwanza, maana zabuni bila miche zitawarudisha watu nyikani na magunia yao. Mvua za vuli hazingoji mikutano. Mbegu zinazopandwa kabla yake hupata unyevu wa kuanzia na miezi ya kukaza mizizi kabla kaskazi haijakausha nchi, na mbegu za mishubiri yangu ya Rabai, zilizotoka kwa wazazi wasiokuwa ndugu, zimo katika mifuko ya karatasi, zimeandikwa majina. Ofisa yeyote wa kitalu atakayetumwa na mmoja wenu atapewa fungu lake bila malipo, na nitamwonyesha kwa mikono yangu namna ya kuzitandaza na kiasi cha mchanga wa kuzifunikia.

Kwa heshima nyingi,

Mwenye bustani ya nyumbani,
Kisauni, Mombasa